Mtufaha mwitu wa asili wa Amerika Kaskazini: jinsi ya kuutambua na wapi pa kuutafuta

Ukiwa Marekani au Kanada ukakuta mti una matufaha madogo machachu umejiotea ukingoni mwa msitu, kitu cha kwanza kukujia kichwani ni kwamba huu ndo mtufaha mwitu wenyewe, na mara nyingi sana sio. Mti kuota porini ni jambo moja, mti kuwa wa asili ya pale ni jambo lingine, na watu wengi wanakwama hapo hapo, wanaona tufaha dogo basi wanamaliza kazi. Mi naona hili ni muhimu kwa sababu hii miti ya asili inazidi kukosa nafasi, na mtu asiyejua kuitofautisha na ile ya kuja anaweza akafyeka ya asili akaiacha ya kuja, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu kidogo, vumilia.

Kwanza uelewe huu mkanganyiko unatoka wapi. Tufaha la kula halina asili Amerika, chimbuko lake kubwa ni milima ya Tian Shan huko Asia ya Kati, na walowezi kutoka Ulaya ndo waliolileta pwani ya mashariki kwenye karne ya 17. Alafu akaja John Chapman (1774–1845), yule maarufu kwa jina la Johnny Appleseed, akapita Pennsylvania, Ohio na Indiana anaanzisha vitalu vya mitufaha kwa kutumia mbegu. Sasa tufaha ukilipanda kwa mbegu halifuati mama yake, mengi yanatoka madogo na machachu, na kila anayetupa kiini cha tufaha kando ya njia anaweza kuwa amepanda mti mwingine bila kujua. Juu ya hapo kuna mitufaha ya mapambo kutoka China, Japani na Siberia, imepandwa mabustanini na kando ya barabara kila sehemu, ina vitufaha vyekundu vidogo sana ambavyo ndege wanavimeza vizima na kwenda kuviangusha msituni. Kwa hiyo hapo porini una makundi matatu yamechanganyika: mitufaha ya kula iliyotoroka shamba, ya mapambo iliyosambazwa na ndege, na ile ya asili ambayo ilikuwepo kabla ya yote hayo.

Ya asili wataalamu wengi wanaihesabu aina nne, na sehemu uliyosimama inakupunguzia kazi sana. Malus coronaria inapatikana kusini mwa Ontario na eneo la Maziwa Makuu, inashuka na milima ya Appalachia mpaka Georgia. Malus ioensis ni ya katikati, Iowa, Illinois, Wisconsin, Missouri na majimbo ya jirani, kule ambako misitu inakutana na mbuga za nyasi, na kuna kundi lake dogo limejitenga kwenye miinuko ya Texas. Malus angustifolia ni ya kusini mashariki, kuanzia Virginia kushuka mpaka kaskazini mwa Florida na kuelekea magharibi hadi Louisiana na Arkansas. Ya nne, Malus fusca, iko peke yake upande wa pili wa bara, pwani ya Pasifiki kuanzia kusini mwa Alaska, British Columbia, Washington, Oregon, mpaka kaskazini mwa California. Hiyo ya nne ina tabia zake na alama nyingi za hizi tatu za mashariki haziifai, kwa hiyo nitaisemea pembeni.

Anza na jani

Watu wengi wanaanza na tunda, mi nakushauri uanze na jani kwa sababu jani unalo kuanzia machipuko mpaka miti inapopukutika, na linasema ukweli zaidi. Ila usichukue jani lolote. Majani yaliyo kwenye vile vitawi vifupi vya maua mara nyingi ni ya duaradufu ya kawaida, na ukiyaangalia hayo peke yake utaona tu mtufaha kama mitufaha mingine. Tafuta tawi la mwaka huu huu, lile lililorefuka kwa nguvu, au chipukizi linalotoka kwenye mizizi, alafu angalia majani makubwa ya hapo. Kwa coronaria na ioensis utakuta ukingo una meno makubwa yasiyolingana na karibu na kitako cha jani kuna mikato inayotengeneza pembe, pengine mbili tatu kila upande, na mshipa wa pembeni unanyooka mpaka ndani ya kila pembe. Jani la mtufaha wa kula halina pembe, lina meno madogo ya duaraduara yanayolingana, na mishipa yake inapinda kabla ya kufika ukingoni. Ukishaona haya mawili kwa pamoja mkononi huwezi kusahau tena.

Kisha geuza jani. Hapa watu huwa wanaruka na ni kosa, maana upande wa chini ndo unaotenganisha aina na aina. Jani la coronaria likishakomaa chini yake ni laini, halina manyoya au yamebaki machache kwenye mishipa. La ioensis lina manyoya meupe ya pamba chini yake, na manyoya hayo yapo pia kwenye vitawi vichanga na kwenye vikonyo vya maua, ukipitisha kidole unayasikia. Angustifolia jani lake ni jembamba, refu kuliko upana kwa mbali, ncha yake mara nyingi ni butu, na lina ugumu fulani, kusini kabisa mengine yanabaki mtini muda mrefu hata baridi ikiingia. Shida ni kwamba mtufaha wa kula nao una manyoya chini ya jani, kwa hiyo manyoya peke yake hayakuambii una ioensis, lazima uone na pembe. Alama moja haitoshi, kwa mti huu haitoshi kabisa, nakazia hapo.

Na ukiwa pale siku majani yanapochipua kuna alama moja nzuri sana ambayo haizungumzwi sana. Jani changa la mtufaha wa asili linatoka limekunjwa katikati kwa kufuata mshipa mkuu, pande zake mbili zimelaliana. La mtufaha wa kula linatoka limeviringishwa kama mkeka. Inaonekana kwa siku chache tu kwa hiyo uende mapema, ukiwa na lenzi ya kukuzia hata ile ndogo ya mfukoni inatosha.

Maua

Maua ya asili ya mashariki yanachelewa, na mi nadhani kwa mtu anayeanza hii ndo njia rahisi kuliko zote ya kuyaona kwa mbali. Mitufaha ya kula na ile ya Asia inachanua mapema majani yakiwa bado madogo, mti mzima unakuwa mweupe. Coronaria na ioensis zinasubiri, majani yanakuwa yameshafunguka ndo maua yanakuja, kwa kule kaskazini ni mwezi Mei, sehemu nyingine mpaka mwanzoni mwa Juni, wakati mitufaha mingine inaangusha petali. Kwa hiyo ukipita barabarani kipindi hicho ukaona kichaka kina maua ya rangi ya waridi wakati miti mingine ya matunda imemaliza, simama uangalie. Angustifolia inawahi zaidi kwa sababu kusini kunapata joto mapema, Machi na Aprili.

Tumba la ua ni waridi iliyokolea, likifunguka linakuwa waridi hafifu na baadaye linaelekea weupe, upana wake ni kama sentimita 3 hadi 4. Harufu yake ni tamu na inasikika ukiwa hatua kadhaa mbali, kwa hiyo pua nayo uitumie. Angalia katikati ya ua, vile vifuko vya chavua kabla havijapasuka: kwenye coronaria na ioensis vina rangi ya waridi inayoelekea chungwa, kwenye mtufaha wa kula na mingi ya Asia ni vya njano. Ukipiga picha ya ua, piga ya karibu inayoonyesha hiyo sehemu, picha za maua za mbali ni nzuri kutazama ila haziamui chochote.

Tunda

Tunda la aina tatu za mashariki ni la kijani, likiiva linakuwa kijani cha njano, na haligeuki jekundu. Ukikuta vitufaha vyekundu mashariki mwa bara, iwe vyekundu kabisa au vyenye shavu jekundu, una mti wa Asia au wa kula, endelea na safari. Ukubwa wake ni sentimita 2 mpaka 4, mara nyingi ni bapa kidogo juu na chini, na ngozi ina nta, ukilishika linanata kwenye vidole na linanukia vizuri sana, yaani harufu inazidi utamu kwa mbali maana ukiling'ata mdomo wote unakaza. Halina sumu, ni chachu tu, watu huko wanalipikia jeli kwa sababu lina pektini nyingi, ile inayogandisha jeli, ila mbegu usizitafune, mbegu za matufaha yote zina kemikali inayotoa sumu ya sianidi tumboni.

Angalia na kitako cha tunda, upande ulio kinyume na kikonyo. Kwenye aina za mashariki vile vijani vitano vidogo vilivyokuwa chini ya ua vinabaki vimekaukia pale. Kwenye mitufaha mingi ya mapambo ya Asia yenye vitufaha vya ukubwa wa njegere vijani hivyo vinaanguka na kuacha kovu la duara. Hii inakusaidia sana kwa sababu kuna mitufaha ya Asia, mfano Malus toringo kutoka Japani, ambayo nayo ina majani yenye pembe kwenye matawi yanayokua kwa nguvu, na ukitegemea jani pekee itakupoteza, lakini tunda lake halifiki hata sentimita moja na nusu na kitako chake ni safi.

Kuna na machotara. Ioensis ikikutana na mtufaha wa kula inatoa chotara anayeitwa Malus × soulardii, tunda lake ni kubwa kuliko la asili na jani lake lina pembe zilizofifia na manyoya mengi. Ukikuta mti ambao alama zake nusu ziko huku nusu kule, usijilazimishe kuupa jina, andika kuwa unashuku chotara alafu usonge mbele.

Miiba, na miti inayofananishwa nao

Mtufaha mwitu una miiba lakini ni miiba ya aina yake, ni vitawi vifupi vilivyochongoka mwishoni, na ukiangalia vizuri utaona vina vichipukizi au majani juu yake. Hapo ndo unapoutenganisha na hothoni, ile miti ya jenasi (yaani kundi la aina zenye undugu) Crataegus ambayo imejaa kwenye mazingira hayo hayo na ina matunda yanayofanana kabisa na vitufaha. Mwiba wa hothoni ni mrefu, mwembamba, umenyooka na hauna jani wala chipukizi lolote. Bado una wasiwasi, kata tunda kwa upana wake: tufaha lina vyumba vitano vya ngozi nyembamba vyenye mbegu za kahawia laini, hothoni ina vijiwe vigumu ambavyo kisu hakipiti.

Mpea wa Callery kutoka China nao umevamia sehemu nyingi za mashariki na una miiba mikali, ila unachanua mapema sana kwa maua meupe, harufu yake ni mbaya, majani yanang'aa na matunda ni vidude vya kahawia vyenye madoadoa. Mplamu mwitu una kokwa moja ndani, hiyo ni rahisi.

Na onyo moja la maana. Kusini kabisa mwa Florida na visiwa vya Karibiani kuna mti wa pwani unaitwa manchineli, Hippomane mancinella, una tunda la kijani cha njano linalofanana na tufaha dogo na linanukia vizuri, na mti wote ni sumu kali, utomvu wake mweupe unababua ngozi hata ukijikinga mvua chini yake. Mtufaha mwitu haufiki huko chini, kwa hiyo ukiwa kwenye pwani ya huko ukaona kitu kama tufaha usiguse.

Mahali mti unapoishi

Kama kuna kitu kimoja cha kukumbuka kuhusu makazi ya huu mti ni mwanga. Aina za mashariki zinataka jua, haziwezi kuishi muda mrefu chini ya kivuli cha miti mirefu, kwa hiyo unazikuta pembezoni: ukingo wa msitu na uwanja, mashamba yaliyoachwa, kando ya uzio wa zamani, kingo za vijito, na zile mbuga zenye mialoni iliyoachana. Ukizama katikati ya msitu mnene unapoteza muda, isipokuwa unatafuta miti mizee inayokufa, na hiyo ipo, unakuta mtufaha umejinyonga kwenda juu na majani machache kileleni kwa sababu mahali palipokuwa wazi zamani pamejifunga. Zamani moto wa mara kwa mara, mwingi wake ukiwashwa na wenyeji wa asili wenyewe, ulikuwa unaziacha zile mbuga wazi, moto ulipozuiliwa miti ya kivuli ikajaa na mitufaha ikaanza kukosa jua. Hili linaniuma kwa sababu ni uharibifu usioonekana, hakuna aliyekata mti, mti umezibiwa jua tu.

Kingine ni kwamba huu mti hauishi peke yake ukiwa na nafasi. Mizizi inatoa machipukizi, yanakua, baada ya miaka unakuwa na kichaka kizima chenye miiba kilichotokana na mti mmoja, shina refu katikati na madogo yanapungua kuelekea nje. Umbo hilo la kichaka cha mviringo kwenye uwanja wa wazi linaonekana kwa mbali hata majira ya baridi. Mtufaha wa kula ulioota kwa mbegu kwa kawaida ni shina moja na kichwa kipana. Ndege wanajenga viota ndani ya hiyo miiba, na matunda yaliyodondoka yanakaa chini muda mrefu mpaka kulungu, mbweha na rakuni wanayapitia.

Udongo hauchagui sana, ila unapenda wenye unyevu usiotuama. Na angalia majirani. Ukiona mierezi myekundu, Juniperus virginiana, kwenye uwanja ule ule, kagua majani ya mtufaha wako kama yana madoa ya njano ya chungwa. Hiyo ni kutu, ugonjwa wa kuvu unaohitaji miti yote miwili ili uzunguke: mvua za machipuko zikinyesha mwerezi unatoa vinundu vyenye pembe za utelezi wa rangi ya chungwa, mbegu za kuvu zinapeperuka mpaka kwenye mtufaha, na baadaye zinarudi kwenye mwerezi. Hothoni nazo zinaupata kwa hiyo usiuchukulie kama kitambulisho, ila ni jambo la kuandika.

Sasa fusca ya Pasifiki. Hii inapenda maji, unaitafuta kwenye kingo za mito, vinamasi, mabonde yenye maji na pale mito inapoingia baharini, inavumilia hata udongo unaofikiwa na chumvi kidogo. Jani lake linaweza kuwa na pembe moja upande mmoja tu au pande zote, maua ni meupe au waridi hafifu, na tunda lake ndo kitambulisho kikubwa: dogo, sentimita moja au moja na nusu hivi, refu lenye umbo la yai, linatoka njano mpaka wekundu, linaning'inia kwa vishada, na kitako chake hakina vile vijani vikavu. Kwa hiyo ile kanuni ya wekundu na ile ya kitako, ukivuka milima kwenda pwani ya magharibi, ziache nyuma.

Kwa mataifa ya pwani hiyo, Wahaida, Watsimshian, Waheiltsuk na wengine, hili lilikuwa tunda la thamani kubwa, walilihifadhi kwenye masanduku ya mbao ndani ya maji na mafuta ya samaki, na miti mingi ilikuwa na wenyewe, familia inajulikana. Utafiti uliochapishwa 2021 ulionyesha kuwa karibu na vijiji vya zamani vya British Columbia bado kuna bustani za msituni zenye mitufaha hii na miti mingine ya chakula, zaidi ya karne moja baada ya watu kuondolewa pale. Kwa hiyo ukikuta mingi imekusanyika sehemu moja karibu na kijiji cha kale, kuna uwezekano mkubwa uko kwenye bustani ya watu, na uiheshimu hivyo.

Ukishaupata

Piga picha za jani la tawi linalokua kwa nguvu, juu na chini, ua kwa karibu, tunda na kitako chake, mwiba, na mti mzima pamoja na mazingira yake, alafu hifadhi eneo kwenye ramani ya simu ili urudi majira mengine. Apu za kutambua mimea zinakupa jenasi vizuri ila kwenye aina zinababaisha sana hapa, hasa ukiipa picha ya ua moja, kwa hiyo jibu lake lichukue kama pendekezo tu. Ndani ya hifadhi usichukue chochote bila ruhusa.

Kama mti uko kwenye ardhi yako au umeruhusiwa na unataka kuuongeza, njia ya uhakika kuliko mbegu ni machipukizi ya mizizi, chimba moja likiwa na mizizi yake mwanzoni mwa machipuko kabla majani hayajafunguka, ila hakikisha ni mti uliojiotea wenyewe na sio wa kuunganishwa, maana ukiunganishwa machipukizi yanatoka kwenye shina la chini ambalo ni mti mwingine. Mbegu nazo zinafaa, zisafishe, ziweke kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya friji miezi miwili mitatu ndo uzipande, ila kama kuna mitufaha ya kula karibu tegemea machotara. Mche uwekee uzio wa waya kwa sababu ya kulungu. Na ule mti mkubwa wenyewe, kabla ya mbolea wala kitu kingine, angalia juu yake uone ni miti gani inauzibia jua, uanze kupunguza hiyo kidogo kidogo kila mwaka, upande wa kusini kwanza.